Mashine tisa, vipimo tisa: fundi wa Mbalizi anauliza namna ya kutengeneza thelathini

Swali: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Mbalizi, nina vijana watatu. Kwa miaka miwili nimetengeneza mashine tisa za kupukuchua mahindi, zote zinapiga kazi, ila kila moja ina vipimo vyake. Sasa kuna kikundi cha wakulima kinataka thelathini kabla ya mavuno ya mwezi wa sita. Mashine moja inatuchukua siku sita, na nikipiga hesabu ya chuma, rodi na umeme, faida siioni. Kijana mmoja aliyesoma chuo ananiambia kabla ya kukubali nijifunze kwanza ubunifu wa bidhaa kwa ajili ya uzalishaji. Hicho ni kitu gani, na kwa karakana kama yangu naanzia wapi?

Jibu: Marahaba, fundi. Nimelisoma swali lako mara mbili, na sentensi iliyonishika si ile ya faida. Ni ile ya kwamba kila mashine ina vipimo vyake. Faida unayoitafuta imejificha humo humo.

Ubunifu wa bidhaa kwa ajili ya uzalishaji ni hivi: unapoichora mashine, unachora papo hapo na namna itakavyotengenezwa, mara ya kwanza na mara ya thelathini, tena na mtu ambaye si wewe. Urefu wa mguu, ukubwa wa nati, mahali pa tundu, kila kimoja unakiamua ukiwa na kazi mbili kichwani: ya shambani na ya karakanani. Mpaka sasa umekuwa ukiamua kwa kufikiria ya shambani tu. Ya karakanani umeiacha iamuliwe na vipande vya chuma vilivyobaki kwenye kona. Ndiyo maana mashine ya tisa inakula siku sita kama ya kwanza, wakati mikono yako imezoea na ilipaswa kwenda haraka zaidi.

Hata hivyo, uanzie shambani. Nenda kwa watatu au wanne kati ya walionunua zile tisa. Usiwaulize kama wanaipenda mashine, maana watu wetu wana adabu, watakuambia "nzuri sana, fundi" na kukukaribisha chai. Kaa pale tangu asubuhi hadi jioni uangalie. Angalia mashine inabebwa na watu wangapi kutoka ghalani, na kama inapita mlangoni bila kulazwa ubavu, kwa sababu usiku hakuna anayeiacha nje. Angalia anayelisha anainama au anasimama wima. Angalia magunzi: akina mama wengi wanayahitaji mazima kwa kuni, na mashine inayoyasaga inawanyima moto wa wiki nzima na kuwaongezea kazi ya kupepeta. Mambo kama haya hayamo kwenye picha za mashine za China unazoziona kwenye simu.

Ukirudi, kila ulichokiona kigeuze namba. "Iwe nyepesi" huwezi kuipima. "Isizidi kilo 120 bila injini, watu wanne wainyanyue" unaweza. "Isivunje punje" nayo igeuze: chota konzi tatu sehemu tatu za gunia, hesabu zilizovunjika katika kila punje mia, andika kiwango ambacho ukikizidi mashine haitoki nje ya geti lako. Punje iliyovunjika ndiyo mlango wa fukusi na ukungu, na mnunuzi mkubwa anajua hilo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi ya kuuza yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, lakini wewe unajua kama mimi kwamba huku kwetu mengi hupukuchuliwa kabla ya kufika hapo, hasa upande wa Tukuyu na Njombe ambako ukungu wa asubuhi hauondoki mapema. Kwa hiyo usiijaribu mashine kwa mahindi makavu tu. Tafuta na yale yanayong'ang'ania gunzi, ujue inakwama wapi.

Kuna jambo moja la nyanda zetu ambalo mafundi wengi hawalitii kwenye hesabu. Nguvu iliyoandikwa kwenye kibao cha injini ya dizeli hupimwa kwenye hali iliyo karibu na ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita mia moja unazopanda. Mbeya mjini iko kama mita 1,700. Injini ya farasi sita hapa ni injini ya farasi tano. Ukinakili mashine inayofanya vizuri Morogoro, ukaifunga injini ile ile, itazimika mdomoni ikilishwa kwa kasi ya kule, na mteja atasema fundi ni mbovu.

Tena wateja wako hawatanunua injini unayoitaka wewe. Watafunga waliyonayo. Tuseme majaribio yako yamekuonyesha dramu, ile silinda yenye meno inayopukuchua, inafanya vizuri ikizunguka mara 650 kwa dakika. Injini ndogo ya mizunguko 2,600 yenye puli ya milimita 80 itahitaji puli ya milimita 320 kwenye dramu: 2,600 mara 80, gawa kwa 320, unapata 650. Mteja mwingine akaja na injini kubwa ya zamani ya mizunguko 2,000 akatumia puli zile zile, dramu yake inazunguka 500 tu. Wa tatu ana umeme na mota ya 1,440, anapata 360, mahindi yanatoka na punje zake. Hao wote watakupigia simu. Amua leo: ama unauza mashine pamoja na injini, ama unatengeneza puli ya injini ya aina tatu na kupigilia kibao cha bati kwenye fremu kinachosema injini ipi na puli ipi. Mimi ningechagua kibao. Ni kazi ya nusu saa, na kitakulinda kwa miaka.

Sasa tuje karakanani. Chukua mashine yako ya tisa, ifungue yote, panga vipande sakafuni, vihesabu. Wahandisi wawili, Geoffrey Boothroyd na Peter Dewhurst, waliokuwa wakifundisha Marekani, walijenga mbinu ya kupunguza vipande kwa maswali matatu, na mpaka leo sijaona njia fupi kuliko hiyo. Shika kipande mkononi ujiulize: je, kinakwenda na kurudi au kuzunguka kikilinganishwa na jirani yake? Je, lazima kiwe cha malighafi tofauti na ya jirani yake? Je, kisipokuwa peke yake, mashine haitafungika au haitafunguka? Kama majibu yote matatu ni hapana, kipande hicho kingeweza kuwa kitu kimoja na jirani yake. Ukishikamana na maswali hayo kwa mashine ya kupukuchua, utakuta vipande vya flatibaa vilivyochomelewa kwa sababu ya mazoea, mabano yanayoshika mabano mengine, na mfuniko wa vipande vinne ambao ungekunjwa kutoka kipande kimoja cha shiti. Kila kipande unachokiondoa hakikatwi, hakichomelewi, hakipigwi rangi, wala hakivunjiki huko Chunya.

Nati na bolti zote ziwe za ukubwa mmoja kadiri inavyowezekana. Chagua M10 ya spana namba 17, kwa sababu spana hiyo ipo kila kijiji. Nimeona mashine nzuri iliyokuwa na bolti za aina tano. Mwenye nayo alikuwa na spana mbili, zilizobaki alizifungua kwa patasi na nyundo mpaka vichwa vikawa mviringo. Beringi vilevile: chagua ile inayopatikana Mwanjelwa na Makambako bila kuagizwa, kama UCP 205 yenye shafti ya milimita 25, usibadilishe kwa sababu duka moja limekupunguzia bei ya nyingine. Beringi ikibadilika, tundu la kiti linabadilika, shafti inabadilika, na mchoro wako unakuwa uongo.

Nenda pia kwenye chuma kama kinavyouzwa dukani. Shiti ni milimita 2,440 kwa 1,220. Mfuniko wako ukiwa na upana wa milimita 650, upande wa 1,220 unakupa kimoja, kinabaki kipande cha 570 kisichokufaa. Ukiupunguza ukawa 600, unapata viwili na milimita 20 za kuliwa na grainda. Hujabadilisha chochote ambacho mkulima atakihisi, lakini umepunguza shiti karibu nusu kwa sehemu hiyo. Ango, yaani chuma cha kona, linauzwa la mita sita. Miguu ya milimita 1,050 inatoka mitano kwa ango moja, inabaki takataka ya milimita 750. Miguu ya 990 inatoka sita. Mashine thelathini zina miguu 120: kwa urefu wa kwanza unanunua ango 24, kwa wa pili 20. Ango nne zimepatikana kwa kushusha mguu sentimita sita. Kaa na karatasi ufanye hesabu hiyo kwa kila kipande kabla hujanunua hata rodi moja. Hapo ndipo sehemu kubwa ya faida yako ilipokuwa ikivuja.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho ningependa ukielewe kuliko vyote, hata kama mengine utayasahau.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, mimi na wenzangu tulitengeneza mashine kumi na nne za kukatia majani ya ng'ombe. Zilikuwa kali, wafugaji walizipenda. Mwaka uliofuata kisu cha mmojawapo kilivunjika, kijiji cha mbali juu ya Tukuyu. Nilitengeneza kisu kingine kwa mchoro wangu mwenyewe, nikapanda basi, nikatembea saa nzima kwenye utelezi. Nilipokiweka, matundu yalipishana na ya mashine kwa milimita nne. Mama mwenye ng'ombe alikuwa amesimama pale na mundu, amekata majani kwa mkono kwa wiki tatu akinisubiri. Ilibidi nirudi na kisu changu. Mashine ile niliitengeneza mimi, na sikujua vipimo vyake. Aibu ile ndiyo iliyonifundisha maana ya sehemu zinazobadilishana.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1785, Mfaransa mmoja mtengenezaji wa bunduki, Honoré Blanc, alimkaribisha Thomas Jefferson, wakati huo balozi wa Marekani huko Ufaransa, akamwekea mbele vipande vya mitambo ya kufyatulia bunduki vilivyochanganywa. Jefferson akaokota ovyo ovyo, akaunganisha mwenyewe, vikakubali. Kwa watu wa wakati ule ilikuwa ajabu, kwa sababu kila bunduki ilikuwa kama mashine zako: kipande chake ni chake, hakikubali ndugu yake. Henry Ford alipoanzisha mstari wa kuunganishia magari mwaka 1913, na kazi ya chasisi iliyokuwa ikila zaidi ya saa kumi na mbili ikashuka hadi kama saa moja na nusu, watu walisifu mkanda unaotembea. Mkanda ule usingetembea hata hatua moja kama kila fundi angelazimika kupiga tupa kipande chake mpaka kiingie.

Ili vipande vibadilishane, ni lazima ukubali jambo ambalo fundi mwenye fahari hulikataa: hakuna kipimo kinachotoka sawasawa. Ukiandika milimita 25, utapata 24 na nusu, utapata 25 na robo. Kwa hiyo kipimo chenye maana kina namba mbili, ya chini na ya juu, na kilichomo kati ya hizo ni kizuri, kilicho nje ni kibovu, hakuna mjadala. Wakerezaji wanaiita toleransi. Kazi yako kama mbunifu ni kuamua wapi pawe finyu na wapi pawe pana. Mahali beringi inapokaa kwenye shafti, hapo lathi, mashine ya kukerezea, ifanye kazi, na vernia, kipimo cha sehemu ndogo za milimita, ipime. Urefu wa mdomo wa kutolea punje ukizidi milimita tano, hakuna atakayekufa. Fundi anayebana kila kipimo anapoteza siku kwa vitu ambavyo mahindi hayavijui, na asiyebana popote anapeleka kisu kisichokubali juu ya Tukuyu.

Angalia nafasi kati ya meno ya dramu na chekeche la chini. Tuseme umeona kwamba milimita 25 ndiyo inayopukuchua bila kuvunja. Kati ya mhimili wa dramu na chekeche kuna vitu vinne vinavyopangana: kiti cha beringi, ango la fremu, flatibaa inayobeba chekeche, na chekeche lenyewe. Kila kimoja kikikosewa milimita mbili tu, tena vyote kuelekea upande mmoja, nafasi yako imehama milimita nane. Mashine moja ina 17 na inasaga punje, nyingine ina 33 na inaacha punje kwenye gunzi. Vijana wako hawakufanya uzembe. Makosa madogo yamebebana. Ndiyo sababu zile mashine zako "zote zinapiga kazi" lakini mbili kati ya hizo, naamini, zinalalamikiwa kuliko nyingine.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, vipimo vyote vichukuliwe kutoka ukingo mmoja wa fremu, usipime kutoka tundu la kwanza kwenda la pili kisha la pili kwenda la tatu. Na tepu iwe moja kwa kazi nzima. Kile kichwa cha tepu huchezacheza kwa makusudi, kimetengenezwa hivyo ili kifidie unene wake unapokisukuma au kukivuta. Kikishapinda kwa kuangushwa, tepu mbili ndani ya karakana moja zinasema maneno mawili. Pili, na hii ndiyo kubwa, tengeneza jigi.

Jigi lako la fremu ni meza nzito ya chuma iliyonyooka, yenye vizuizi vilivyochomelewa mahali ambapo kila ango litakaa, na klampu za kulishika. Kijana analaza ango mpaka liguse kizuizi, anakaza, anachomelea. Hapimi chochote. Mahali pa dramu weka shafti ya bandia iliyokerezwa vizuri, ipite kwenye viti vyote viwili vya beringi wakati vinachomelewa, na juu yake funga kipande chenye umbo la dramu pamoja na ile nafasi ya milimita 25, ili chekeche likilazwa likiguse hicho kipande. Umeona ulichofanya? Kile kipimo kilichokuwa kinapita kwenye vitu vinne sasa kinatoka moja kwa moja kwenye jigi. Ango likiwa na upungufu wa milimita mbili, haijalishi tena.

Lakini jigi la kuchomelea lina hila zake, na hapa wengi hukata tamaa baada ya fremu mbili. Chuma kikipoa kinajikunja kuelekea upande wenye kidonda. Usimalize kona moja ndipo uende nyingine. Shikiza kona zote kwa nukta ndogo, kisha chomelea kwa kupokezana, huku na kule, na fremu ibaki kwenye klampu mpaka uweze kuigusa kwa mkono mtupu. Na fikiria mapema itatokaje. Nimeona jigi zuri likameza fremu: kila kitu kilibana kilipopoa, ikabidi likatwe. Upande mmoja wa vizuizi uwe wa kufungua kwa bolti. Tena, fremu ya kwanza ikitoka itakuwa imepinda kidogo hata ufanye nini. Ipime, kisha sogeza vizuizi kinyume na ilikopinda. Jigi huiva kwenye fremu ya tatu au ya nne.

Kwa matundu, kata bamba la milimita kumi, litoboe kwa uangalifu mara moja, tia bushi ngumu, na kila kipande kitobolewe kupitia hapo. Kwa ukaguzi, kereza kipande chenye ncha mbili, moja 24 na nyingine 26. Ncha ya 24 lazima ipite kati ya jino na chekeche, ya 26 lazima ikatae. Mwanafunzi wa wiki mbili anaweza kukagua mashine kwa hicho kipande, na hutabishana naye.

Mchoro nao lazima uwepo, hata wa kalamu ya risasi kwenye karatasi kubwa, na orodha ya kila kipande pamoja na idadi, malighafi na urefu. Ukishauchora, mpe kijana wako aliye mgeni kuliko wote, mwambie atengeneze, wewe kaa kimya. Kila mara atakapokuja kukuuliza, usimjibu kwa mdomo; jibu kwenye mchoro. Maswali yake ndiyo mapengo ya mchoro wako.

Mashine ya mfano usiitengeneze moja. Ya kwanza ni ya kujifunza, iwe mbaya kwa macho, iwe na matundu ya kujaribia. Ya pili itoke kwenye mchoro. Kisha tatu zitoke kwenye jigi, zikitengenezwa na vijana bila mkono wako, na kati ya hizo tatu badilishaneni dramu, mifuniko na viti vya beringi. Visipoingia bila tupa, hujafika. Moja katika hizo iendeshe mpaka ivunjike, uandike saa ngapi imeenda na kilichoanza kufa. Kabla ya hapo kaa na vijana mkajiulize kila kipande kinaweza kufa vipi, kikifa kitamdhuru nani, na nani atagundua mapema. Jeshi la Marekani liliandika utaratibu wa namna hiyo mwaka 1949, na viwanda vya magari na ndege vinaufuata hadi leo. Karakana ya watu wanne inautosheleza kwa mchana mmoja na karatasi moja.

Katika kikao hicho kuna mambo mawili sitaki yapigiwe kura. Mkanda na puli vifunikwe pande zote, kwa kuwa anayesimama karibu na mashine hii amevaa kitenge au kanga, na kitenge kikishikwa na mkanda hakuna wa kuwahi kuzima injini. Na mdomo wa kulishia uwe mrefu kuliko mkono. Mkono wa mtu mzima ukiingia hadi begani unafika karibu milimita 850, ndicho kipimo ambacho viwango vya kimataifa vya usalama wa mashine vinakitumia. Mdomo mfupi unaokoa kipande cha shiti na kuchukua vidole vya mtu. Watu wa CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo kilichoko Arusha, kazi yao mojawapo ni kupima mashine za kilimo, na mashine yako ikishatulia ningependa uipeleke; TBS, Shirika la Viwango Tanzania, nao watakuambia kiwango kipi kinakuhusu.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Majigi yatakuogopesha. Tuseme yote, pamoja na kukereza, yanakula 900,000. Ukigawa kwa mashine mbili ni wendawazimu. Ukigawa kwa thelathini ni 30,000 kila moja. Sasa weka upande wa pili: siku mbili au tatu za vijana watatu ulizookoa kwa kila mashine, shiti na ango zilizopungua, na safari za kurekebisha ambazo hutaenda. Andika hesabu hiyo kwa bei zako za leo, usiikisie. Kazi za lathi usinunulie mashine. Nenda karakana ya SIDO pale Mbeya, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu kama wewe, au zungumza na MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga, ambako kuna vijana wanaotafuta kazi halisi ya mradi wao wa mwaka wa mwisho. Mmoja wao angekuchorea mashine yote kwenye kompyuta.

Sasa oda yenyewe. Siku sita mara thelathini ni siku 180, na kutoka sasa mwezi wa pili mpaka mavuno hazipo. Usikubali thelathini kwa mavuno haya. Waambie kikundi ukweli: mwezi mmoja na nusu wa mchoro, majigi na zile tatu za majaribio, kisha kumi mkononi mwao kabla ya mavuno, zilizobaki zije baada ya msimu, zikiwa na marekebisho watakayoyaona wenyewe. Andikeni. Kikundi cha wakulima kinaelewa mbegu ya majaribio, kitaelewa na hili. Wakikataa kabisa na kutaka zote, ni afadhali uikose oda kuliko kusambaza mashine thelathini zenye vipimo thelathini, kwa sababu hizo zote zitarudi kwako kwa miaka kumi, kila moja na ugonjwa wake.

Unapoanza zile kumi, usikate miguu yote arobaini kwa siku moja kwa furaha ya kwenda haraka. Kata ya mashine mbili, zifunge mpaka mwisho, ziwashe, ndipo ukate iliyobaki. Kosa la kipimo likiwa kwenye vipande vinane utalibeba.

Na zile tisa za zamani usizisahau. Tafuta daftari, kila mashine ipe ukurasa, na safari ile ya kwenda kuangalia wakulima ubebe vernia na tepu. Pima shafti, umbali wa matundu, ukubwa wa puli, uandike, na upige chapa namba kwenye fremu kwa patasi: 1 hadi 9. Mwenye mashine namba 6 akipiga simu mwezi wa saba kwamba dramu imekatika jino, utafungua ukurasa wa sita na kutengeneza jino litakaloingia.